Mashine ya Bior Iko Moto

Mtu akiingia kwenye kibanda cha Nawoi pale Lodwar, nyuma ya soko, na kuuliza kabla hata ya salamu, "Hii ni gigahazi ngapi?", basi ajue amejitafutia mwenyewe. Nawoi ataacha alichoshika, atavuta kiti cha plastiki, atasema "Ejok", salamu ya Kiturkana, kwa sauti ya kumkumbusha mwenzake adabu, kisha atamwambia akae. Wengine hukaa. Wengine hukumbuka ghafla kwamba wana haraka, na hao Nawoi hawafuati. Anasema mtu asiye na muda wa kukaa chini hana muda wa kununua kompyuta.

Sisi watu wa Lodwar tunapenda namba, tusidanganyane. Pikipiki tunauliza injini ni ya ngapi, simu tunauliza kamera ni ya ngapi, kompyuta tunauliza gigahazi. Namba ikiwa kubwa tunatikisa kichwa, tumeridhika, hata kama hatujui tumeridhika na nini. Sasa mwanamke huyu anakuja kutuharibia raha. Anakwambia ndani ya kompyuta kuna ubongo unaoitwa prosesa, na kwamba ubongo huo hufanya kazi kwa mapigo, kama watu wanaovuta kitu kizito huku wakiimba. Gigahazi ni kasi ya wimbo tu. Haikwambii hata kidogo kila pigo la wimbo linavuta nini.

Hilo hakulitoa kitabuni, ingawa vitabu amesoma. Alizaliwa upande wa juu wa Tarach, ule mto wa Kakuma ambao sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu, na maji hutafutwa chini kwa mikono. Kisima cha akina mama yake kilikuwa kirefu. Watu walisimama humo mmoja juu ya mwenzake, kila mtu na ukingo wake wa mchanga, wakipokezana makarai kutoka chini hadi juu. Walivyozidi kuongeza watu, ndivyo kila mkono ulivyopata safari fupi, na wimbo ukazidi kwenda mbio. Jamani, wimbo ule! Ungeusikia kutoka mbali ungedhani kuna harusi. Nawoi, msichana mwembamba aliyekaa katikati ya mnyororo, alijivuna kwamba hakuna kisima kingine kilichoimba kwa kasi kama chao.

Kisima cha jirani waliimba polepole, karibu kwa uvivu. Walikuwa wachache, ila kila pigo la wimbo lilipandisha ndoo mbili kwa pamoja, moja kila upande. Na mbuzi wa jirani ndio waliorudi malishoni na matumbo yamejaa, huku wa akina Nawoi wakilia kwenye hori.

Tena kulikuwa na kukisia. Huko juu mara walikuja mbuzi, mara walikuja watu na madumu yao. Maji ya mbuzi huchotwa vyovyote. Ya watu huchotwa taratibu, ya juu juu, yasije na matope. Yule wa chini kabisa hakuweza kungoja aambiwe ni zamu ya nani, maana akingoja, mnyororo mzima ungesimama mikono mitupu. Basi alikisia. Akikosea, kelele zinashuka, "Matope! Rudisheni!", na kila karai lililokuwa njiani linamwagwa. Kwa jirani hiyo ilikuwa hasara ndogo. Kwa akina Nawoi, wenye mnyororo mrefu, maji yote yaliyokuwa mikononi mwa watu yalirudi mchangani, na wimbo ulianza upya kutoka chini, kwa kasi ileile ya kujivunia.

Miaka baadaye, chuoni Eldoret, mwalimu wake Chelangat alichora ubaoni jinsi prosesa inavyoigawa kila amri vipande vipande na kuvipitisha kwenye mstari. Vipande vikiwa vidogo sana, mapigo yanaweza kwenda mbio. Lakini mstari unakuwa mrefu, na ukikisia vibaya amri inayofuata, unamwaga vyote. Nawoi alicheka kwa sauti darasani mpaka akaulizwa ana nini. Alikuwa amemwona mama yake ubaoni. Kumbe kuna wahandisi waliochagua kisima cha mama, ili namba kwenye kibandiko iwe kubwa, na kuna waliochagua kisima cha jirani, mapigo machache na kila pigo limebeba amri kadhaa.

Tangu siku hiyo hakuna aliyemshinda katika mambo haya, na uzuri wake ni kwamba hamcheki mtu. Mnunuzi akishaketi, Nawoi humwambia kwamba ukilinganisha prosesa za tumbo moja, namba inasema kweli, yenye kubwa ndiyo yenye mwendo. Ukilinganisha za koo tofauti, namba peke yake ni porojo. Halafu anawasha mashine mbili, anazipa kazi moja, na kumwacha mtu aangalie kwa macho yake. Anaweza kumngoja mtu aelewe mpaka chai ikapoa.

Sasa, ndani ya kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Nawoi aliwahi kufundisha kozi fupi ya kompyuta, na mwanafunzi aliyemkaa moyoni alikuwa msichana Mdinka anayeitwa Akuch. Mrefu, mpole, na sauti yake ni ile ambayo ikianza kusema hata watu wanaogombana hunyamaza. Kampuni moja inayotafsiri filamu za afya ilimsikia, ikamtaka. Kazi ilikuwa kuweka sauti ya Kidinka kwenye filamu za kuwafundisha akina mama wajawazito, kuunganisha sauti na picha, kisha kutuma filamu iliyokamilika. Walimpa filamu ya majaribio. Akuch aliifanya vizuri, lakini ilipofika hatua ile ambayo vijana wa Kakuma huiita kupika, kompyuta inapochanganya picha na sauti kuwa kitu kimoja, mashine yake ilizima katikati. Akawasha, ikazima. Siku ya kutuma ikapita. Kampuni ilimhurumia, ikampa filamu ya pili na siku nyingine ya kutuma, Ijumaa saa sita mchana, na kumwambia wazi kwamba hakutakuwa na ya tatu.

Mashine hiyo ilikuwa zawadi ya kaka yake, Bior. Bior alikuwa mwendesha boda boda, na pikipiki yake ilijulikana kambi nzima kwa usafi. Mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akihama alimwonyesha kompyuta kubwa ya mezani, nyeusi, yenye feni zinazowaka taa, na kibandiko mbele: gigahazi nne. Bior aliuliza za wengine ni ngapi. Akaambiwa mbili, mbili na kidogo. Basi! Alitoa pikipiki akachukua kompyuta, mali kwa mali, na tangu siku hiyo anasukuma mkokoteni sokoni. Alipomletea dada yake alimwambia, "Hakuna mtu hapa Kakuma ako na nne." Kibandiko kile hakuna aliyeruhusiwa kukigusa.

Wiki ile ya filamu ya pili, Akuch alimwandikia Nawoi ujumbe kwa simu: "Mwalimu, mashine ya Bior iko moto sana."

Hapa sasa ndipo mambo yalipoharibika, na kosa lilikuwa la Nawoi. Maana Lodwar, kwa vijana wanaoingia na kutoka kibandani kwake kutwa nzima, kitu kikiwa moto ni kizuri ajabu. Viatu viko moto, wimbo uko moto, hata chapati ikipendeza iko moto. Nawoi alikuwa na bisibisi mdomoni na mteja mbele yake. Akasoma, akafurahi kwamba mtoto wa watu amefanikiwa, akajibu kwa kidole kimoja: "Poa sana! Kazana hivyo hivyo!"

Akuch hajui Sheng. Kiswahili chake alikipata kwa majirani Wakongomani, na kwake moto ni moto, ule wa kuunguza. Alisoma jibu la mwalimu wake, akatazama mashine iliyokuwa ikivuma na kutoa harufu ya plastiki, akajiambia kwamba basi hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa. Akakazana. Ikazima. Akakazana tena. Ilikuwa Jumatano alipopiga simu, analia, na kusema, "Mwalimu, nimekazana mpaka mkono umeungua."

"Umeungua na nini?"

"Na mashine. Si nilikwambia iko moto?"

Nawoi alikaa chini pale pale, kwenye kile kiti cha wateja. Aliona aibu mpaka masikio yakapata joto. "Mama yangu! Akuch, mimi nilisoma kitu kingine kabisa, huku Lodwar kitu kizuri ndicho huitwa moto. Usiguse hiyo mashine. Ngoja nakuja."

Alfajiri ya Alhamisi alifunga kibanda, akatia vifaa vyake kwenye mkoba na kompyuta yake ndogo ya mapajani juu yake, akashika gari la kwenda Kakuma. Jua lilikuwa limeshachachamaa alipofika. Akuch alikuwa mlangoni na kitambaa kwenye vidole, na nyuma yake Bior amesimama na mikono kifuani, amekuja kuona mashine yake inafanywa nini.

"Karibu, madam," alisema Bior. "Hii kitu haina shida. Ni umeme wa huku ndio shida."

"Inaweza kuwa," alisema Nawoi, na hakumpinga, maana nusu ya maneno hayo yalikuwa kweli. Umeme wa pale ulikuwa wa sola na betri, na mashine ile ilikula kama wageni wa harusi. Alifungua kifuniko, akapangusa vumbi la Kakuma lililokuwa limeziba feni, akatia upya ile dawa nyeupe inayopitisha joto kutoka kwenye prosesa. Kisha akaingia ndani ya mipangilio, akapunguza mapigo.

Bior aliona namba ikishuka kwenye kioo. "Madam! Unaipunguza?"

"Naipumzisha. Kasi ikishuka, na umeme wa ndani tunaushusha pia, na joto linashuka kuliko vyote. Haitazima tena."

Na kweli haikuzima. Feni zilinyamaza, chumba kikasikika tena. Lakini walipoanza kupika sehemu zilizokuwa tayari, Nawoi aliangalia mwendo wake, akapiga hesabu kichwani. Kwa mwendo ule filamu nzima ingeiva Jumamosi. Kwa kasi mashine ilizima, kwa upole ilichelewa. Ilikuwa kisima cha mama yake kabisa, imeundwa kwa mnyororo mrefu na wimbo wa mbio. Ukipunguza wimbo, haina kingine.

Alitoa kompyuta yake ndogo mkobani. Akuch aliiona, akaelewa, macho yakachangamka. Bior naye aliinama akasoma kibandiko. Moja nukta nane.

"Moja?" alisema. "Moja nukta nane? Yaani nusu hata haifiki? Madam, mimi nimetoa pikipiki. Unajua nimetoa pikipiki? Halafu unakuja na hii kitu ya mtoto unaweka mbele ya watu?"

Hakukuwa na watu wengine, ni wao watatu tu, lakini Nawoi alielewa. Angeweza kumwambia ukweli kwa sentensi moja, na ukweli huo ungemkata. Na mtu mwingine, mwenye haki yake na saa zikikimbia, angeusema. Hapo ndipo mwanamke huyu anapostahili kusimuliwa. Alisogeza kompyuta yake kando, akavuta kigoda, akaketi usawa wa Bior.

"Ndugu yangu, hebu tusibishane. Chukua kipande kifupi cha filamu. Tuzipe zote mbili, zipike pamoja. Ya kwako tuirudishie nne yake. Mwamuzi ni wewe."

Bior alikubali kwa shingo upande. Akuch alibonyeza huku na huku. Ile kubwa ilianza kunguruma, taa zikawaka, feni zikapiga mluzi. Ile ndogo haikusema kitu. Bior alitabasamu kwa ile ngurumo, na kwa muda alikuwa tena juu ya pikipiki yake. Kisha ndogo ikatoa mlio mmoja mwembamba: imemaliza. Kubwa ilikuwa haijafika hata katikati.

Bior alinyoosha mkono akagusa ubavu wa mashine yake, akautoa haraka. Akagusa ile ndogo, akauacha mkono pale.

"Ni gia," alisema mwishowe.

"Nini?"

"Ukivuka mchanga wa Tarach na gia ya kwanza. Injini inalia, watu wote wanageuka kuangalia, na wewe unatambaa. Mwenye gia kubwa anakupita na injini yake imetulia. Hii yangu ni gia ya kwanza." Alimtazama Nawoi. "Kila mzunguko wa injini, gurudumu linaenda kidogo. Si ndio?"

Nawoi alipiga makofi. Alifurahi kweli, si kwa kumpendeza. "Bior! Miaka yote hii mimi nawaimbia watu habari ya visima, kumbe nilihitaji mtu wa boda! Hilo nakuibia, nitawafundisha nalo."

Bior alicheka kidogo, halafu uso ukamrudia. Aliuliza kwa sauti ya chini, na hapa hakukuwa na kiburi tena. "Kwa hivyo nimetoa pikipiki kwa takataka?"

Akuch alitaka kusema, Nawoi akamtangulia. "Takataka gani? Sauti ya dada yako tutairekodi kwa kitu gani? Sehemu zilizobaki hazijasemwa, na kurekodi hakutaki mbio, kunataka ukimya. Hii yako nikiipunguza hainong'oni hata kidogo, na kioo chake ni kikubwa, anasoma vizuri. Yako itasikiliza, yangu itapika. Kila neno watakalosikia wale akina mama litakuwa limepita kwenye mashine ya Bior."

Ndivyo walivyofanya. Akuch aliketi mbele ya kioo kikubwa na kusema na wanawake asiowajua, kwa lugha ya mama yake, habari za homa na damu na wakati wa kukimbilia hospitali. Alikuwa na namna ya kusema kama anayeongea na mtu mmoja tu. Bior alisimama mlangoni kuwazuia majirani wenye redio. Nawoi, ambaye Kidinka hajui hata salamu, alijikuta anafuta machozi kwa ncha ya kanga na kuona haya.

Ijumaa asubuhi ile ndogo ilipika. Jua lilipopanda, Bior alileta mfuniko wa sufuria akawa anaipepea, ingawa haikuwa na haja, na hakuna aliyemkataza. Kabla ya saa sita filamu iliondoka. Akuch aliangalia alama ya kutumwa, akaweka paji la uso mezani, akabaki hivyo. Nawoi aliiacha kompyuta yake pale. Alisema atapata nyingine, na kwamba kibandani kwake zimejaa mpaka hana pa kuweka mguu. Hiyo haikuwa kweli. Ile ndiyo iliyokuwa bora kuliko zote alizokuwa nazo, na ndiyo aliyokuwa akifanyia kazi zake.

Alirudi Lodwar. Kampuni ilikaa kimya. Siku zilipita, wateja waliendelea kuuliza gigahazi, naye aliendelea kuwaketisha, sasa akiwaambia habari za gia na mchanga. Lakini kila simu ilipolia aliishika kabla haijamaliza mlio wa kwanza. Kwa mumewe alikiri kwamba usingizi haumjii vizuri. Kama msichana yule angekosa kazi, Nawoi alijua atakumbuka maisha yake yote lile jibu alilolituma kwa kidole kimoja, na zile siku zilizopotea kwa ajili yake.

Siku moja, mteja akiwa amekaa na chai yake, simu ilitikisika mezani. Ulikuwa ujumbe wa Akuch, maneno mawili tu: "Iko moto."

Nawoi alisimama mpaka chai ya mteja ikamwagika. "Mungu wangu, imeungua na ile!" Mkoba wa vifaa ulikuwa tayari begani na mguu mmoja nje ya mlango alipopiga, na ilipopokelewa hakungoja salamu, yeye mwenye kuwafundisha watu salamu.

"Akuch! Moto gani? Moto gani, mama?"

Upande wa pili kulikuwa na kelele, vigelegele, na Bior akipaza sauti kumwita mtu aje asikie. Kisha ikaja ile sauti, taratibu, kama anayeongea na mtu mmoja tu.

"Ile ya Lodwar, mwalimu. Wamenichukua."